Kifo cha Mkaazi Anayerejea

Maiti ilikuwa imelala ubavu, mkono mmoja chini ya shavu, shuka imevutwa hadi begani. Hakukuwa na damu. Hakuna kilichovunjwa. Suti ya safari ilitundikwa nyuma ya mlango, imenyooshwa kwa pasi, na chini yake viatu vilivyong'arishwa, soksi zimetumbukizwa ndani. Masanduku mawili makubwa yalisimama kando ya kitanda, yamefungwa kufuli na bado yakazungushiwa kamba.

Inspekta alisimama kizingitini kwa muda mrefu bila kuingia. Kituoni walimwita Kobe, naye hakuwahi kukasirika. Alisema kobe huchelewa, lakini hufika na nyumba yake.

"Moyo," alisema Sajini, mwanamke mrefu aliyekuwa na haraka na kila kitu. "Mtu wa miaka arobaini na ushei, kalala, hakuamka. Hutokea."

"Hutokea," Inspekta alikubali. "Ila si wengi wanaochagua asubuhi ya safari."

Marehemu alikuwa mkaazi wa kudumu wa nchi ya mbali. Ameishi huko miaka mingi, ana kadi yake ya ukaazi, ana kazi yake, na mtaa mzima ulimwita Majuu, hata watoto ambao hawakujua jina alilopewa na wazazi. Baba yake alipopooza, alikuja mbio kumwona. Akakaa, akakaa, hadi mwaka ukapita. Ijumaa hii ndiyo ilikuwa siku ya kurudi. Ndege ilikuwa ya alfajiri, na sasa jua lilikuwa limeshaanza kuchoma.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vilivyobanwa na ukumbi mwembamba, kiasi kwamba mpiga picha wa polisi na Sajini walipishana kiubavu. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Sebule haikuwa sebule tena. Ndani yake kulikuwa na kitanda cha mzee, ndoo, taulo, mpira uliotandikwa chini ya shuka, na harufu ya sabuni ya dawa. Inspekta alichungulia, akamwona mzee amesinzia, akafunga mlango taratibu. Alitamani kutoka nje avute hewa, na hata hajamaliza kuikagua nyumba.

Dada mtu alikuwa jikoni. Alikuwa mdogo wa marehemu, fundi cherehani, mwenye mikono iliyobabuka kwa maji na sabuni. Cherehani yenyewe ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa, na juu yake zimepangwa chupa za dawa za mzee.

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa."

"Wewe ndiye uliyemkuta?"

"Mimi. Nani mwingine yupo?"

"Saa ngapi?"

"Jua limeshapanda. Nilikuwa na mzee. Kumgeuza, kumfuta, kumlisha, hayo huachi katikati. Nilipomaliza ndipo nikaona kimya kimezidi."

"Lakini ndege ilikuwa alfajiri."

"Nilidhani keshaondoka."

"Bila kuaga?"

Alifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Kaka yangu hakuwa mtu wa kuaga."

"Na teksi?"

"Haikuja."

"Teksi ya nani?"

"Ya Kipara, wa hapo kona. Ndiye hutubeba siku zote mzee akiwa na kliniki. Kaka alizungumza naye mwenyewe."

"Ilipokosa kuja, hukumpigia Kipara umuulize?"

"Nilikuwa na mzee."

Inspekta alitikisa kichwa. Kila swali lilitokea mlango ule ule. Nilikuwa na mzee. Hakuona kwamba mwanamke huyu anadanganya, na hakuona kwamba anasema kweli.

"Jana usiku alikula?"

"Kidogo. Akanywa chai, akaenda kulala mapema."

"Kikombe?"

"Nimeosha. Jikoni kwangu vyombo havilali vichafu."

"Alikuwa na wasiwasi wowote?"

"Alikuwa na Jumapili," alisema dada mtu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na ukali. "Mwezi mzima ni Jumapili, Jumapili. Wenyewe huko walimwongezea muda wa kurudi, na muda wenyewe unaisha Jumapili. Asipoingia kabla ya hapo, kadi yake imekufa, hatakanyaga tena huko. Baada ya ndege ya leo hakuna nyingine hadi wiki ijayo. Ndivyo alivyosema."

Inspekta akamshukuru, akarudi chumbani kwa marehemu.

Funguo za masanduku zilikuwa mfukoni mwa suti. Sanduku la kwanza lilijaa nguo. La pili Sajini alilifungua, akachuchumaa. Halafu akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukiweka sakafuni: jiko dogo la gesi, sufuria mbili, sahani ya plastiki, kopo la kuogea, na chandarua kipya, bado kiko kwenye nailoni yake.

"Huko ng'ambo hawana masufuria?" aliuliza.

"Masufuria wanayo," alisema Inspekta. "Wasichokuwa nacho ni mbu."

Ndani ya soksi, kwenye kiatu cha kushoto, kulikuwa na vidonge vya usingizi. Pakiti ilikuwa na pengo la vidonge viwili vitatu.

"Kajiua," Sajini alisema.

"Piga simu mashirika ya ndege. Yote."

Alipiga, mojamoja, akiwa ameegemea gari. Hakuna ndege iliyokuwa na kiti cha Majuu. Si ya alfajiri ile, si ya wiki ijayo, si ya siku yoyote.

"Mtafute Kipara," Inspekta alisema.

"Nimeshauliza. Amepeleka wateja mbali, simu haipatikani. Atarudi kesho."

Kituoni, Mkuu hakutaka hadithi ndefu. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Mtu hana tiketi, ana vidonge, na mtaa mzima unangoja kumpungia mkono. Aibu imemuua. Kajiua, Kobe. Funga faili. Nina magari yaliyoibwa na wenyewe wako hapo nje wananililia."

"Mkuu, mtu anayetaka kufa hanunui chandarua."

Mkuu alimtazama, akafungua mlango, akaufunga tena. "Hadi kesho jioni," alisema.

Simu ya marehemu ilionyesha kwamba aliyezungumza naye zaidi mwezi ule alikuwa wakili wa mambo ya uhamiaji. Jumamosi asubuhi Inspekta alimwendea ofisini, ghorofani juu ya karakana ya vyuma. Chini msumeno ulikuwa ukilia, hivyo mtu akisema jambo la maana ilibidi angoje upumzike.

"Amekufaje?" wakili aliuliza. Alikuwa mama wa makamo, miwani shingoni.

"Ndiyo natafuta. Alikuwa asafiri jana."

"Kwenda wapi?"

Msumeno ukalia. Inspekta akangoja.

"Ng'ambo. Kwao wanasema aliongezewa muda hadi Jumapili."

Wakili alivaa miwani, akaivua. "Hakuna Jumapili, Inspekta. Hakuna muda. Mteja wangu alikataliwa mwezi uliopita."

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu. Kwa sababu sijui."

"Watu husikia neno 'wa kudumu' wakadhani ni kitu kisichokufa. Ukaazi wa kudumu ni ruhusa ya kuishi kule. Ukitoka kwa safari fupi, unarudi na kadi yako. Ukijua utakaa sana, unaomba kibali cha kurejea kabla hujaondoka, ungali huko huko. Ukishatoka, huwezi tena kukiomba. Na ukipitisha mwaka nje bila kibali, kadi ile haikuingizi. Wanakuhesabu umehama."

"Yeye hakuomba."

"Nani anakumbuka kuomba kibali akipigiwa simu kwamba baba kaanguka? Alikuja na begi la mkononi. Alidhani ni wiki chache, ama mzee atapona, ama atamzika. Mzee hakupona, wala hakufa." Alipumua. "Ulipopita mwaka, kilibaki kimlango kimoja tu. Viza ya mkaazi anayerejea. Unaiomba ubalozini. Uonyeshe kwamba ulitoka ukiwa mkaazi halali. Uonyeshe kwamba hukuwahi kuacha nia ya kurudi. Na uonyeshe kwamba kilichokuchelewesha hakikuwa mikononi mwako."

"Akakwama wapi?"

"La kwanza alipita. La pili alipita pia. Chumba chake huko alikuwa bado anakilipia, na bosi wake alimwandikia barua nzuri. Kwenye la tatu, ofisa akamuuliza, kuna mtu mwingine anayeweza kumtunza baba yako? Akasema, yupo dada yangu. Anaishi wapi? Nyumba hiyo hiyo. Tangu lini? Tangu siku ya kwanza. Ofisa akamwambia, basi ungeweza kurudi. Ulichagua kubaki."

Msumeno ulilia kwa muda mrefu. Wakili aliangalia dirishani hadi ukanyamaza.

"Nilimwambia kabla hajaingia, sema kweli tupu," aliendelea. "Akasema. Tulipotoka alicheka, akaniambia ndiyo mara ya kwanza kusema kweli ofisini, na tazama."

"Kwa nini hakuwaambia wa nyumbani?"

"Nilimuuliza. Akanijibu, 'Wakili, mtaani naitwa Majuu. Nikikosa Majuu, mimi ni nani?' Tangu siku ile alikuwa halali. Ndipo akaanza vidonge." Alitikisa kichwa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Kwa hiyo Jumapili aliizua mwenyewe. Inspekta alishuka ngazi akiwaza juu ya mtu anayejitungia siku ya mwisho, kisha akakaa anaihesabu pamoja na nyumba nzima. Hakuweza kurudi alikotoka, na hapa alipo hakuweza kusema kwamba amebaki. Alimwonea huruma marehemu, ingawa bado alikuwa hajampenda.

Daktari wa uchunguzi wa maiti aliwapokea kwenye varanda ya chumba cha maiti, akila karanga.

"Mna bahati," alisema. "Maabara wamefanya haraka. Dawa ni mbili."

"Mbili?" Sajini alitoa kalamu.

"Moja ni vile vidonge vyenu. Alimeza kiasi cha kawaida cha mtu anayetafuta usingizi. Vyenyewe havimuui mtu mwenye afya yake. Ya pili ni ya maji, matone. Hupewa waliopooza, ambao misuli yao hukakamaa na usiku hawalali. Alikuwa nayo nyingi. Ila hata hiyo, peke yake, ingemlaza tu hadi adhuhuri akaamka na kichwa kizito. Zote mbili pamoja zikamsahaulisha kupumua."

"Huenda alikunywa zote mwenyewe," Sajini alisema. Alisema kwa ajili ya kusema tu. Uso wake ulikuwa umeshabadilika.

"Tumboni kuna chai. Na tangawizi, tele. Matone yale ni machungu kama shubiri. Aliyeweka tangawizi yote ile alikuwa anamficha mtu ladha."

Inspekta aliikumbuka cherehani yenye chupa juu yake. Wakarudi kwenye gari.

"Dada mtu," alisema Sajini.

"Dada mtu ana matone. Kuwa nayo si kosa, amepewa na hospitali. Tumtafute Kipara."

Kipara alikuwa amerudi. Walimkuta kona anaosha gari, suruali imekunjwa hadi magotini. Habari ya kifo alikuwa ameshaipata, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ijumaa alfajiri ulikuwa umwendee Majuu," Inspekta alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Umpeleke uwanja wa ndege."

Kipara alikamua kitambaa, akakikamua tena kilipokuwa kimeshakauka. "Niliapa kutosema. Lakini mwenyewe hayupo. Tulikubaliana tutoke kwa njia ya uwanja wa ndege, watu waone, kisha tuzungukie stendi ya mabasi. Alishapata chumba mji wa pili, na kibarua kwenye ghala. Alisema atakuwa anawapigia simu kutoka huko, anawaambia yuko ng'ambo. Nilimwambia, kaka, hii ni kazi. Akacheka."

"Mbona hukwenda kumchukua?"

"Nilizuiwa. Alhamisi jioni dada yake alinipigia. Akasema safari imeahirishwa, nisijisumbue. Nikafurahi moyoni, nikasema hatimaye kawaambia ukweli. Ndipo nikachukua wateja wengine wa safari."

"Alhamisi jioni," Inspekta alirudia. "Majuu akiwa hai."

"Akiwa hai, mzee. Nyuma ya simu nilimsikia anakohoa na kuuliza kama chai imeiva."

Kitambaa kikamdondoka Kipara. Alikuwa ameelewa.

Walirudi kwenye nyumba ile mchana. Dada mtu aliwafungulia mlango wa uani, akawatangulia jikoni, akakaa kwenye kigoda bila kuambiwa. Sajini alimsomea haki zake. Hulazimishwi kusema lolote, utakalosema litaandikwa, na huenda likatumika kama ushahidi. Dada mtu alisikiliza kwa adabu.

"Teksi haikuja kwa sababu uliizuia," Inspekta alisema.

Bomba lilidondosha maji, naye akanyoosha mkono akalikaza.

"Mtoto wa Kipara ana pumu," alisema hatimaye. "Wanakesha naye. Ningemwachaje aamke alfajiri, aje apige honi hapa bure?"

"Ulijuaje kwamba itakuwa bure?"

Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyejikamata mwenyewe.

"Adabu imeniponza," alisema. "Mama alinifundisha, usimsumbue mtu wa watu."

"Ulimpa kaka yako matone ya mzee."

"Nilimpa."

"Kwenye chai."

"Na tangawizi nyingi, nikamwambia ni ya kifua, maana alikuwa anakohoa. Akasema, dada yangu, hii chai ina hasira." Alishika ukingo wa kigoda kwa mikono miwili. "Nilitaka alale, Inspekta. Alale tu. Ndege iende, Jumapili ipite, basi. Nikaona mzee ni mifupa mitupu, yeye ni pande la mtu, nikamzidishia. Hakuniambia kwamba ana vidonge vyake. Hakuwahi kuniambia chochote."

"Asubuhi?"

"Alfajiri niliingia kumchungulia. Kalala. Nikafurahi." Sauti yake ilikatika. "Nilifurahi, mnasikia? Nikaenda kumwosha mzee huku naimba. Niliporudi mara ya pili ndipo nikamgusa."

Sajini aliacha kuandika. Inspekta akamngoja apumue.

"Ulimwomba abaki?"

"Nilimpigia magoti. Hapa, sakafu hii. Tangu mama afe mimi ndiye nyumba hii. Mzee alipoanza kuugua nilifunika cherehani, nikasema ni kwa muda. Kulikuwa na mwanamume akinisubiri. Alisubiri kwa moyo, sitamsema vibaya, hadi akachoka akaoa, na kadi ya harusi akaniletea mwenyewe. Kisha mzee akapooza, kaka akaja. Alimgeuza mzee usiku, mimi mchana. Alikuwa hajui, alikuwa anamgeuza kama gunia, lakini alimgeuza. Nililala usiku kucha kwa mara ya kwanza. Siku moja nilikwenda sokoni nikazurura tu, nikarudi bila chumvi. Mnajua raha ya kusahau chumvi kwa sababu ulikuwa unazurura?"



"Halafu akaanza Jumapili yake. Nikasema, kaka, ukienda mimi nakufa humu. Akaniambia, nikipitisha Jumapili nimefungiwa nje maisha yangu yote. Nikasema moyoni, basi afungiwe. Afadhali yeye afungiwe nje kuliko mimi kufungiwa ndani."

Hapo ndipo Inspekta angeweza kusimama na kumaliza kazi. Alikuwa na maungamo, alikuwa na sababu, alikuwa na dawa na shahidi. Lakini siku ya kesi ukweli wote ungesomwa mbele ya watu wanaopiga miayo, na aliona si haki mwanamke huyu ausikie huko kwanza.

"Dada," alisema. "Hakukuwa na ndege."

"Ilikuwepo. Ya alfajiri."

"Kiti chake hakikuwepo. Kadi ilikuwa imeshakufa. Aliomba viza ya kurejea akanyimwa mwezi uliopita. Jumapili alijitungia."

Alimtazama Inspekta kama anayengoja mzaha uishe. "Alikuwa aende wapi na masanduku yale?"

"Mji wa pili. Kwa basi."

"Mji wa pili." Alihesabu kitu kichwani. "Pale ni mwendo wa asubuhi moja. Mtu anaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Na asingekuja? Angekaa pale, anapiga simu, ananiambia huko ni usiku?"

"Ndivyo alivyopanga."

Dada mtu alicheka kicheko kifupi kilichomtisha Sajini. "Na mimi ningeamini. Ningemwambia, pole na kazi, kaka."

Kisha aliuliza, bila kuinua macho, "Walimnyima kwa nini?"



"Walimuuliza kama kuna mtu mwingine wa kumtunza mzee. Akasema yupo dada yake. Wakamwambia basi angeweza kurudi, hakuwa na sababu ya kukaa."

Uso wa dada mtu haukubadilika mara moja. Ulichukua muda, kama kwamba maneno yalikuwa yakipita ukumbi ule mwembamba moja moja.

"Angenikana," alisema.

"Dada..."

"Angesema sina dada. Nani angekuja kuangalia? Maisha yake yote alinikana kwa mambo madogo. Kilio cha mama hakuja, akasema nyumbani watamsamehe tu, akawaandikia watu wa mtaani, mimi sikuandikiwa. Leo anaulizwa na mgeni, mbele ya dirisha, ndipo anakumbuka kwamba nipo?" Alijipiga kifuani, taratibu. "Angenikana tu! Angekuwa kwake sasa hivi. Angekuwa hai."

Na hapo akalia, kwa sauti ya chini ya mtu aliyezoea kulia bila kumwamsha mgonjwa. Inspekta alimwonea uchungu, akajikasirikia pia, kwa sababu uchungu hauandikwi kwenye maelezo ya mshukiwa, na maelezo yenyewe yalikuwa yamekamilika.

Sajini alifunika kalamu yake. "Itabidi twende, dada."

"Na mzee?"

"Ustawi wa jamii watatuma mtu."

"Mtu gani? Lini? Mzee hulishwa akiwa ameinuliwa, ukimlaza anapaliwa. Ubavu wa kulia una kidonda kinachoanza. Nani?"

Sajini alimtazama Inspekta. Inspekta aliitazama sakafu. Alikuwa amesuluhisha kesi yake kabla ya jioni aliyopewa.

Kutoka sebuleni ikasikika sauti nzito, iliyovutwa kwa taabu. "Mama." Ndivyo mzee alivyomwita binti yake.

Dada mtu alisimama kabla hajafikiri. Sajini akapiga hatua kumzuia.

"Mwache," Inspekta alisema. "Nenda naye. Msaidie."

Dada mtu alijifuta machozi kwa upindo wa kanga, akapitisha maji usoni, akaingia. Inspekta alisimama mlangoni. Mzee hakuwa ameambiwa. Daktari wake alionya kwamba mshtuko mwingine utamchukua, na maiti ilikuwa imetolewa kwa mlango wa uani akiwa amelala. Dada mtu alipitisha mkono chini ya bega la baba yake, akamwonyesha Sajini kwa kidevu pa kushika miguu, wakamgeuza kwa pamoja, pole pole, bila kumwumiza. Akamweka mto mgongoni. Akakunjua shuka.

Jicho zima la mzee lilimtafuta.

"Ka... fika?" aliuliza.

Jikoni bomba lilikuwa limeanza tena kudondoka. Dada mtu aliinama, akamfuta mzee mate pembeni ya mdomo.

"Kafika, baba. Kapiga simu."

"Asemaje?"

"Anasema huko baridi ni kali."

Mzee alifumba jicho, akafikiri juu ya jambo hilo kwa muda. Midomo yake ilihangaika na neno, ikalikosa, ikalijaribu tena.

"Mwambie," alisema, "avae sweta."